Nyota Saba

Ofisi yetu iko juu ya duka la mazulia,
mtaa wa nyuma, Crawley, kando ya reli.
Ngazi inanuka sufu na gundi.
Huku juu, watu watatu na birika moja la chai
tunazipa maksi ndege za dunia nzima.

Gillian hukusanya ajali.
Mimi nazigawanya kwa safari.
Bosi anazidisha kwa kitu anachokiita uzani,
na uzani huo, miaka sita sasa,
sijaambiwa ulitoka kwenye mizani ipi.

Ongeza umri wa ndege. Ongeza cheti cha wakaguzi.
Toa pointi kwa kila tukio lililoripotiwa.
Kisha kadiria mpaka robo ya nyota,
maana msomaji hapendi desimali.

Kuna shirika moja dogo, ndege nne,
halijaua mtu. Sifuri,
sifuri safi kama sahani iliyorambwa.
Lakini safari zake zote tangu lizaliwe
wakubwa wa hapa Gatwick huzimaliza kwa mwezi.
Nikaliandikia nyota saba.
Aliyerusha sarafu mara mbili ikalala kichwa juu
asiape kwamba chini hakuna kitu.

Na kuna lile jingine.
Ajali ikitimiza miaka kumi, kanuni yetu inaisahau.
Usiku wa kuamkia tarehe kumi na nne Machi
watu themanini na wawili walitoka kwenye jedwali langu.
Asubuhi shirika lao lilikuwa limepanda ngazi kumi na moja
bila kukaza hata parafujo.
Nilikunywa chai yangu. Ilikuwa Jumanne.

Sisemi orodha ni uongo.
Mkiani kule yapo majina
ambayo hata paka wangu nisingempakia.
Ila kati ya wa tatu na wa kumi na tisa
pana upana wa unywele,
na unywele huo tunauuza kila Januari.

Jirani yangu Fernand ni fundi wa zamu ya usiku.
Saa tisa alfajiri, baridi ya kukata vidole,
akahesabu vifaa vyake: spana moja haipo.
Akahesabu tena. Haipo.
Angeweza kunyamaza.
Spana huanguka popote, hata nyuma ya kabati,
na hakuna aliyekuwa akimtazama.
Akaandika.
Ndege ikazuiwa. Abiria mia na tisini
wakalala sakafuni na makoti yao, wakitukana.
Kulipopambazuka wakaikuta ndani ya bawa,
imejilaza kando ya kebo, kimya,
kama mtoto anayecheza kibe.

Wiki iliyofuata karatasi ya Fernand ikafika mezani kwangu.
Tukio: moja.
Nikalikata shirika lake robo ya nyota.
Lile lisilopoteza spana kamwe,
kwa sababu haliandiki kamwe,
likampita likimeremeta.

Juzi shangazi Mwanahija akapiga simu kutoka Lindi.
Anakuja kumwona kitukuu.
"Wewe si ndiye mwenye kujua? Nipande ipi?"
Jedwali lilikuwa wazi mbele yangu,
safu kwa safu, rangi ya kijani mpaka nyekundu.
Nikafungua mdomo, nikajikuta
namsimulia fundi, baridi, bawa,
mkono unaoandika wakati ungeweza kutulia mfukoni.
Nikamwambia ningejua wa hivyo wako wangapi, na wapi,
ningekupangia orodha ya kweli.

Kimya. Halafu:
"Mwanangu, nimekuuliza ndege,
wewe waniletea spana."

Alikata tikiti yenye mabegi mawili ya bure.
Nikaapa sitaitafuta kwenye jedwali.

Nikaitafuta.